Kula Kwanza, na Usijifanye Umelala

Ukienda kuchomwa sindano za tiba, zile kavu zisizo na dawa ndani, kula kwanza. Usile mpaka tumbo likawa ngoma, lakini usiende na njaa kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Mimi mara ya kwanza nilikwenda sijala, nikihofia kutapika na kupoteza mkate bure. Nilipoinuka kitandani dunia ikazunguka, nikamshika mtaalamu ndevu nisianguke. Zilikuwa chache. Siku ile zilipungua.

Vaa nguo ya kulegea, inayopanda bila ugomvi. Ukiulizwa jambo, sema kweli, hata la choo. Ukimaliza, inuka polepole, unywe maji, usikimbilie ngazi. Na la mwisho, ambalo hakuna mtaalamu atakayekwambia: ukishalazwa pale, sindano zimekusimama mgongoni, usijifanye umelala. Lala kweli au kaa macho. Mimi nilijifanya.

Kilichonipeleka ni komeo.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mrefu mpaka watu wakimwita Mnara. Mlango wa nyumba yetu aliutengeneza mwenyewe, chuma kitupu, na komeo akaliweka juu kabisa, karibu na fremu. "Mwizi hupapasa katikati," alikuwa akisema, "akili yake haifiki huku." Hata mkono wangu ulifika kwa tabu. Kila jioni nilisimama kwa ncha za vidole nikalisukuma kwa mkono wa kulia, yeye amekaa kitini ananicheka. Alipokufa nikaendelea kulisukuma bila wa kunicheka. Lile komeo likigonga mwisho wake, ndipo nilipojua siku imekwisha na nyumba ni yangu.

Sasa, mkono wa kulia ndio uliolea watoto. Nilikuwa dobi wa hoteli. Nimepiga pasi mashuka ya watu wanaolala tangu mwanangu mkubwa yuko tumboni mpaka akaota kipara, na pasi ya hoteli si pasi ya nyumbani. Ile ni gari dogo. Bega likavumilia, likavumilia, halafu uzeeni likaganda. Mkono ukawa haupandi kupita titi, na titi lenyewe siku hizi halikai juu. Wa kushoto unafika kwenye komeo lakini hauna nguvu. Ulizoea kushika ncha ya shuka tu, kazi ya anasa. Basi siku moja nikapanda kigoda nilisukume kwa kushoto. Kigoda kikaniaga. Jirani aliyesikia kishindo akanikuta nimelala mlangoni namtukana Mnara kaburini.

Kesho yake, kikao.

Mwanangu mkubwa namwita Mwenyekiti. Tangu mdogo hawezi kula kabla hajafungua mkutano. Mdogo wake, kitinda mimba wangu, ni Chiriku, na ukimsikia dakika moja hutauliza kwa nini. Hao ndio watoto niliobakiwa nao, na wote wawili walikaa sebuleni kwangu siku ile wakiutazama mguu wangu uliochubuka kama watu wanaotazama gari lililopinduka.

"Mama," Mwenyekiti akaanza, "hali hii haiwezi kuendelea."

"Hali ipi? Nimeanguka mara moja. Wewe ulianguka kila siku mpaka ukaanza shule, na sikukuhamisha."

Chiriku akacheka. Mwenyekiti hakucheka, kikaoni hachekagi.

"Mama unalala mlango wazi. Mtu akiingia?"

"Akiingia atanikuta mimi, na ole wake. Si mwite fundi ashushe komeo? Achomelee jingine hapa, usawa wa tumbo. Nusu siku, kazi imekwisha."

Mwenyekiti akaweka kiganja kifuani. "Mlango wa Baba, Mama? Tuukate mlango wa Baba?"

Alilisema kwa uchungu mpaka nikaona haya, kana kwamba nimetaka kumkata marehemu mwenyewe. Nikanyamaza. Mpaka leo nikikumbuka kunyamaza kule, meno yanauma, na meno yenyewe ni ya kununua.

Ndipo Chiriku akasema kuna mtaalamu wa sindano mjini, mama mkwe wake alitibiwa goti akapona. Mwenyekiti akafikiri, akafunga kikao kwa azimio: mkono ukifika kwenye komeo, Mama anabaki kwake, usipofika, Mama anahamia kwa Mwenyekiti. Chumba nilikijua. Kiko nyuma, ubavuni mwa tangi la maji, walikuwa wakiweka matairi. Kila mtu akisema "Mama akae na sisi", hicho ndicho "sisi" chenyewe.

"Nimekubali," nikasema. "Nichomeni."

Chumba cha sindano kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Vitanda vimetengwa kwa mapazia, na mapazia yale aliyeyapiga pasi nafikiri alikuwa anagombana na mtu. Mtaalamu alikuwa mtu mzima, mpole, sauti ya kubembeleza mtoto, na ndevu zile chache nilizokwisha kuzitaja. Nikampa jina la Nungunungu, ingawa mwenye miiba nilikuwa mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usiniue."

"Sijaua bado."

"Hiyo 'bado' iondoe."

Akaniuliza mambo mengi kuliko mchumba. Unalala vizuri? Unakula? Unasikia baridi au joto? Choo je? Hasira je?

"Hasira ninazo zote, hakuna iliyopungua."

"Toa ulimi, mama."

"Mwanangu, huu ukitoka haurudi bila kuumiza mtu." Lakini nikautoa. Akautazama kama mwanamke anayechagua kitambaa sokoni, huku na huku, akaandika. Kisha akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho, akasikiliza, kama jirani anayesikiliza ukutani. Akahamia mkono wa pili. Sikuwahi kusikilizwa hivyo na mwanamume, na huyo alikuwa analipwa.

Sindano nilizitarajia za kushonea magunia. Kumbe ni nyembamba kama unywele, zimo kwenye pakiti zilizofungwa, na zikishatumika zinatupwa kwenye kopo, hazirudi kwa mtu mwingine. Akanilaza kifudifudi, uso ndani ya tundu la kitanda, akanipangusa bega kwa spiriti.

Ya kwanza ilikuwa kama kuumwa na sisimizi mwenye adabu. Kisha, polepole, uzito ukaingia, uzito wa ajabu, kama pasi ya moto imewekwa juu ya blanketi nene, haiunguzi lakini unajua ipo. Ukashuka mkononi mpaka vidoleni, na ndani yake kitu kinatambaa.

"Ukihisi ganzi, au kama umeme mdogo, ni kawaida," akasema. "Maumivu makali, niambie haraka."

Halafu akanichoma mguuni.

"Bega liko huku juu, baba. Umepotea njia."

"Bega na mguu ni jirani, mama."

"Majirani namna hiyo hawakopeshani chumvi."

Akanipa kengele ndogo mkono wa kushoto, akasema nisijitikise, atarudi baada ya nusu saa, wengi hulala. Akavuta pazia. Nikabaki natazama vigae. Nyuma ya pazia la pili sauti nzito ikasema, "Mama, ya kwanza leo?"

"Ya kwanza."

"Sasa hivi pua itakuwasha. Ya kila mtu huwasha. Usiiendekeze."

Alikuwa dereva wa lori, mgongo umekufa kwa kukaa. Na kweli, pua ikawasha, nikateseka, nikamwambia, tukacheka kila mtu na tundu lake. Kisha yeye akalala, akakoroma koromo la kweli, lile la kupandisha mlima na gia kubwa.

Mara ya kwanza sikuona kitu zaidi ya dunia kuzunguka na alama ndogo ya buluu begani. Nyumbani nililala kama gogo, nikaamka bega linauma kuliko mwanzo. Nungunungu alikwisha kuniambia: huenda likauma siku moja au mbili, halafu litalegea, na usitarajie muujiza, hii ni kazi ya kurudi na kurudi. Nikarudi na kurudi. Chiriku ndiye aliyenipeleka, kila mara, ananishika kiwiko kwenye ngazi, mdomo haufungi. Mkono ukaanza kupanda. Ukapita bega. Siku nyingine nikachana nywele za nyuma mwenyewe, nikatoka nje kumwonyesha jirani kisogo. Kila tukirudi nilisimama mlangoni, nikaunyanyua, Chiriku akapima kwa macho pengo lililobaki kati ya kidole na komeo.

"Shubiri, Mama."

"Juzi ulisema shubiri na nusu."

"Basi unakwenda."

Kadiri mkono ulivyopanda ndivyo maneno ya Chiriku yalivyopungua. Nilidhani amechoka na ngazi.

Katikati ya mambo haya akaja mtu nyumbani na futi ya kamba. Mwenyekiti akanipigia simu: huyo ni fundi wa bomba, mwache afanye kazi. Akapima jikoni, sawa. Akapima bafuni, sawa. Akapima sebule, akapima chumba cha kulala, akatoka nje akapima toka ukuta wangu mpaka ukuta wa duka la vipuri la jirani. Nikampa chai. Nilijiuliza maji gani yanapita sebuleni, nikajijibu kwamba ufundi siku hizi umebadilika. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo nimezipiga pasi maisha yangu yote, na sikukiona.

Sasa nikueleze habari ya kukoroma.

Watoto walipokuwa wadogo, nikitoka zamu hotelini nilijitupa mkekani sebuleni. Nilipogundua kwamba ukikoroma watoto wanakusahau, nikaacha kulala, nikawa nakoroma tu. Koromo langu la uongo lina filimbi mwishoni. Nililitunga mwenyewe na nalionea fahari. Yote ya nyumba ile niliyajua kwa filimbi ile. Nani kavunja jagi, nani katoroka shule, nani kamwaga wanga wa nguo akasingizia paka. Mwingi wa habari alikuwa Chiriku. Alikuwa na mwanasesere niliyemshonea kwa shuka la hoteli lililoungua, basi anakuja kukaa karibu na kichwa changu, anamweleza yule mwanasesere kila kitu. "Usilie mtoto, jagi amevunja Kaka. Amelificha chini ya kitanda." Nami kimoyomoyo: mjinga huyu, angejua! Nikiamka naenda moja kwa moja chini ya kitanda, Mwenyekiti anapata haki yake, na Chiriku hakuitwa mmbea hata siku moja.

Nilijiona mwerevu kweli.

Basi siku ninayoisema, nimelazwa kifudifudi, Nungunungu amepanga sindano zake begani na shingoni na ile ya mguuni iliyopotea njia, amenipa kengele, amekwenda. Alikwisha kusema huenda leo tukamaliza. Dereva yuko kitanda cha pili. Chiriku akavuta kiti, miguu yake ikaja chini ya tundu langu, viatu vya wazi, vidole nje. Na kimya.

Chiriku akinyamaza, mwenye akili hutafuta paka. Nikataka kujua paka ni nani. Nikavuta pumzi, nikakoroma, nikamalizia kwa filimbi.

Akasubiri kidogo. Kisha nikasikia mkoba unafunguliwa.

"Haloo, Kaka." Sauti ya chini, lakini si ya chini sana. "Ndiyo, niko naye. Amelala."

Nikakoroma.

"Hapana, nisikilize wewe leo. Mimi siwezi kumwambia. Yule mwenye duka la vipuri umeshamuuzia nyumba, anataka kubomoa afanye ghala. Na umempa kabla Mama hajaanguka, Kaka. Kabla. Yeye anadhani ni kigoda."

Vidole vya miguu yake vilikuwa vimejikunja, vimeng'ang'ania soli, kama vya ndege juu ya waya. Nilizitazama kucha. Mojawapo ilikuwa imebanduka rangi.

"Na kila tukirudi anasimama mlangoni ananionyesha mkono umefika wapi. Shubiri, Mama. Nusu shubiri, Mama. Mimi ndiye ninayempimia!" Akapumua. "Ndiyo. Ndiyo, najua. Sindano nilizileta mimi." Sauti ikawa ndogo, ya zamani. "Nilidhani hazitafaa kitu. Nilidhani mkono hautapona, tumwambie ni mkono, si sisi."

Hapo simu ikaita.

Ikaita kwa wimbo wake wote, ngoma na vinanda, sikioni mwake, katikati ya maneno aliyokuwa anamwambia kaka yake. Simu yenye mtu ndani yake haipigi wimbo. Ikaimba, ikaimba, kwa sababu kidole chake kilikuwa hakioni pa kubonyeza.

Nyuma ya pazia dereva akasema, "Dada, simu yako inaita. Pokea tu, huyo wa kwanza atakungoja."

Ikanyamazishwa. Hata dereva, nafikiri, alielewa akatamani kumeza ulimi.

Mimi nikiwa ndani ya tundu langu nikamwona mwanasesere. Nikamwona vizuri, macho yake ya vifungo, amekalishwa karibu na kichwa changu. Mtoto yule hakuwa mjinga hata siku moja. Alijua. Tangu hajaota meno ya ukubwani alijua mama yake hakoromi hivyo, na kila alichotaka nikijue bila yeye kukisema, alimwambia mwanasesere. Miaka yote ile nilikuwa nikidhani naiba, kumbe napelekewa.

Ningeweza kupiga kengele. Ningeweza kusema, "Chiriku, niko macho, na wewe unajua niko macho." Lakini sindano zikishasimama hakuna kuinuka kwa hasira, utainuka umejaa miiba, uchome watu na ujichome mwenyewe. Na ningesema vile, mmoja wetu angelazimika kulia. Sikutaka kulia ndani ya tundu la kitanda. Uso ukiwa chini, chozi halina shavu la kupitia. Linadondoka moja kwa moja sakafuni na kila mtu analiona.

Nikakoroma tena. Filimbi haikutoka.

Likadondoka moja. Likatua kwenye kigae, mbele ya vidole vyake. Kisha akausogeza mguu taratibu, akalifunika kwa kiatu.

Nungunungu aliporudi alizitoa sindano moja moja, hausikii kitu, kama mtu anayekutoa uzi kwenye nguo. Akanikalisha. Akanipa maji.

"Haya mama, tuone."

Nikaunyanyua mkono. Ukapita titi, ukapita bega, ukapita sikio, ukaenda mpaka ukanyooka, kiganja wazi juu kama mtoto anayejua jibu. Nungunungu akapiga makofi. Dereva, ambaye habari za komeo nilikwisha kumsimulia mpaka zikamchosha, akapiga kelele nyuma ya pazia, "Limekwisha hilo, mama! Funga mlango!"

"Hongera, Mama," Chiriku akasema. Macho mekundu.

"Nilipatwa na usingizi mzito leo."

"Nilikusikia, Mama."

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Kaka. Anakusalimu."

"Mwambie marahaba."

Tukashuka ngazi. Akanishika kiwiko kama kawaida. Jioni ile nilisimama mlangoni peke yangu, nikaunyanyua mkono, nikalisukuma komeo. Likaenda kama limepakwa siagi, likagonga mwisho wake: ka! Nikalirudisha. Nikalisukuma tena. Nililifungua na kulifunga mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi. Nikamwambia yupo, lakini ana ufunguo.

Jumamosi Mwenyekiti akaja kufungua kikao. Alikuja na maboksi matupu kwenye gari, akayaacha huko huko, akidhani sikuyaona. Chiriku alikaa karibu na dirisha. Mimi sikumwacha aseme "hali hii". Nilisimama nikaenda mlangoni, nikanyanyua mkono, nikafunga.

Ka!

"Haya," nikasema, "azimio lilikuwa lipi?"

Mwenyekiti alilitazama komeo, akaniangalia, akalitazama tena. Akajipangusa kipara. "Hongera sana, Mama. Kwa kweli nimefurahi. Lakini ukiangalia kwa makini, tatizo halikuwa mkono hasa." Akatafuta. Niliona anatafuta, kama mtu anayepapasa swichi gizani. "Ni macho, Mama. Macho yako."

"Macho yangu yamemwona fundi wa bomba akipima sebule. Na yanaona maboksi."

Akageuka upesi kumtazama dada yake. "Nani kamwambia?"

Chiriku alitazama sakafu. Vidole vikajikunja.

Hapo nilikuwa na neno mdomoni lililokwisha kunolewa. Lingemkata mmoja na kumchubua wa pili. Nikalimeza, na koo bado lina alama.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Mimi nilikuwa nimelala."

Nyumba ilikuwa kwa jina la Mwenyekiti. Marehemu alipougua tuliiandika hivyo, kwamba mtoto wa kiume ndiye atakayehangaika na maofisi, Mama apumzike. Basi nimepumzika. Mwenye duka la vipuri alibomoa kuta zote, akajenga ghala. Mlango ameuacha, anasema chuma kama kile hakitengenezwi tena, ameuweka mbele ya ghala lake. Kwa hiyo mlango wa Baba haukukatwa. Mwenyekiti huwa ananikumbusha.

Chumba changu kiko ubavuni mwa tangi. Maji yakiingia linanguruma, na yakijaa linalia kama mtu aliyekula kupita kiasi. Harufu ya matairi haijatoka. Komeo la mlango wangu liko chini, kiunoni, jepesi, mjukuu wa kutambaa analifikia. Mkono wangu wa kulia, mzima, uliochomwa sindano ukapona, kwenye chumba hiki hauna cha kunyanyukia. Ninautumia kuchana nywele. Nungunungu akiniona njiani huniuliza, "Komeo je, mama?" Nami humjibu, "Nalifikia, baba, mpaka linaniogopa." Kazi yake aliifanya. Mwongo hakuwa yeye.

Chiriku huja Jumapili. Huleta matunda, huketi kwenye kigoda kilekile, huuliza nimelalaje na nimekula nini, kama mtaalamu. Tukishakosa la kusema, nalala, nageukia ukutani, naanza kukoroma. Filimbi imerudi. Anangoja kidogo, halafu nasikia mkoba unafunguliwa. Siku hizi simu huwa anaizima kwanza, nasikia anavyoibonyeza.

Jumapili iliyopita alimwambia mtu fulani aliyekuwa hayupo, "Nataka kumwomba Mama samahani, lakini naogopa ataamka."

Nikakoroma zaidi.

Siku atakayonisemesha nikiwa macho, nitaunyanyua huu mkono nimfute machozi, au nimzabe kofi. Sijaamua. Unafika kote kuwili.